Mche Uliofungwa Kinyume

3 Januari

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na kile kifua chako, na kwamba umande wa huko kitaluni unakofanya kazi haukusumbui asubuhi. Sisi hatujambo. Mama anaendelea vizuri kwa hali yake. Macho ni yale yale, anatofautisha mchana na giza basi, na miguu haikubali kumfikisha mbali zaidi ya kibarazani. Ila ulimi ni mzima kabisa, kwa hilo usiwe na wasiwasi. Kila barua yako namsomea kwa sauti tangu salamu mpaka sahihi, na ole wangu nikiruka neno.

Nakuandikia kwa sababu ya mti. Ule wa zamani wa mbele ya dirisha lake umeanguka wiki iliyopita. Hakukuwa na upepo wala nini. Mchwa walikuwa wameshaula ndani, siku hiyo ukachoka tu, ukalala chini. Haukumwumiza mtu. Lakini sasa jua la alasiri linaingia chumbani mpaka kitandani, na Mama ananiuliza ni nani aliyeondoa ukuta.

Shimo limeshachimbwa, futi mbili kwenda chini na mbili upana, kama ulivyotufundisha. Nafasi ni ya mti mmoja, maana upande mmoja kuna karo la maji machafu na upande wa pili kuna njia. Mimi nataka mjakaranda. Unakua upesi, una kivuli, na ukishashika ardhi haumsumbui mtu. Mama anataka mchungwa. Anasema mti usiozaa ni nguzo ya umeme. Tumekubaliana wewe ndiye uamue, kwa kuwa wewe ndiye fundi.

Kuna jambo la pili. Dada yangu amefungua tanuri la mikate huko aliko, kazi imemzidi, ananiita tukafanye pamoja. Anataka jibu kabla ya katikati ya mwaka. Sijamjibu. Mwezi wa nne mume wangu, mwanao Mashoto, atatimiza miaka minne tangu aage kwamba anakwenda kutafuta kazi, na ni zaidi ya miaka mitatu hajaniandikia hata mstari. Kama atarudi, nitangoja. Kama harudi, nina miaka thelathini na miwili, Baba. Nataka kujua nasimama wapi.

Mama anakusalimu na anasema ule mboga.

Mkweo


19 Januari

Mwanangu,

Marahaba, marahaba sana. Barua nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na miwani, maana mara ya kwanza nilielewa kwamba tanuri limeanguka na dada yako amefungua mti. Kifua kimetulia. Mboga nakula, mwambie Mama, ingawa mpishi wetu huzichemsha mpaka zinasahau zilikuwa nini.

Huku tuko kwenye msimu wa kubebesha miche. Tangu asubuhi nazunguka mistarini kuwakagua mafundi: jicho la mchungwa linachomekwa kwenye gome la mlimau mchanga, linafungwa mkanda wa nailoni, kiriba cha mche hadi kiriba, mpaka vidole vinakakamaa. Unaijua kazi, sina haja ya kukufundisha.

Sasa sikiliza. Mjakaranda nausifu, nisije nikaonekana nina chuki nao. Upe maji mwaka wa kwanza, utapanda kama mtoto aliyekatazwa kupanda. Mwaka wa tatu umepita dirisha, wa tano umepita bati. Majani yake ni madogo madogo, kivuli chake chepesi, chumba hakigeuki pango. Na maua yake hata mimi, ambaye sina mambo ya maua, husimama nikayatazama. Lakini yakianguka yanateleza kama maganda ya ndizi, na Mama anatembea kwa kupapasa. Majani yataziba mfereji wa bati kila msimu. Na mizizi ikishanusa maji ya karo haipigi hodi.

Mchungwa hauna makuu. Unakaa chini, mviringo, kivuli cha mtu mmoja na kiti chake, na huyo mtu tunaye. Hauvui majani yote kwa mpigo. Ua lake likichanua harufu inaingia dirishani kabla ya mgeni, na Mama sasa anahitaji mti wa kunusa kuliko mti wa kutazama. Uliobebeshwa vizuri unazaa mwaka wa tatu. Kasoro yake ni moja tu, unataka mtu. Kiangazi ndoo mbili kila siku ya tatu. Vidukari wakitokea, unayafuta majani kwa maji ya sabuni, moja moja, juu na chini. Ukiususa msimu mmoja, unakununia miwili.

Kwa hiyo uamuzi wangu ni mchungwa, na usiniletee rufaa.

Hayo ya mikate yasikuharakishe. Tanuri halihami.

Baba yako


11 Februari

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Tumefurahi kusikia kifua kimetulia. Mama alikuwa na mafua, yamepita. Ile ya maganda ya ndizi ilimchekesha mpaka nikamsugua mgongo, na tangu siku hiyo kila mgeni anasimuliwa.

Rufaa naileta hata hivyo. Umeandika mchungwa unataka mtu. Mtu gani? Mama habebi ndoo. Wewe uko huko. Jirani yetu fundi cherehani ana shughuli za nyumba yake. Mtu huyo ni mimi, Baba. Naona umeshanifukia shimoni mpaka kiunoni, bado kumwagilia tu. Miaka mitatu ya ndoo na sabuni kabla ya chungwa la kwanza. Mjakaranda nikiulea mwaka huu mmoja, naweza kufunga mizigo yangu na hautaniita.

Na karo usinitishie. Nimepima. Kutoka shimoni hadi karoni ni hatua kumi na mbili, hadi dirishani ni sita. Wewe mwenyewe uliwahi kupanda mjakaranda hatua kumi kutoka kwenye kisima cha shule na mpaka leo wanakunywa maji.

Sikasiriki kwa sababu ya mti. Nimekuuliza mambo mawili, ukanijibu kurasa mbili juu ya miti na mstari mmoja na nusu juu ya maisha yangu. Nakuuliza tena, bila kuzunguka. Una habari yoyote ya Mashoto? Nzuri au mbaya, yote sawa. Wewe unakaa mahali wanapopita watu wa kila upande, mafundi, madereva, wanunuzi wa miche. Kama amekufa, niambie, nimlie. Kama ana mke mwingine, niambie, nilie pia, kisha ninyamaze. Kinachonimaliza ni kutandika kitanda cha watu wawili kila asubuhi.

Mama alikuwa kando yangu nilipoandika haya, nimemsomea. Ameomba nikufikishie salamu zake.

Mkweo


2 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mimi ni mzima, ila mvua imetuchelewesha na gari la barua limekwama siku nyingi. Pole kwa mafua ya Mama. Mpake mafuta ya moto kifuani hata kama atalalamika.

Umenigusa na lile la kitanda. Nimekaa nalo siku kadhaa.

Habari za Mashoto sina. Ningekuwa nazo ningekuficha ili iweje? Dunia ni pana na watu hupotea humo kisha wakaonekana. Yule dereva wetu mmoja alikaa miaka sita bila kujulikana aliko, leo yuko kwake na watoto wake. Miaka minne umeshaimeza, mwanangu. Usiutupe mzigo ukiwa karibu na mlango.

Na kuhusu mti, hatua zako ni fupi, hilo nalijua tangu ulipokuwa unanifuata shambani na kapu la viriba. Kumi na mbili zako ni nane za mtu. Mchungwa ndio utakaofaa. Miaka mitatu siyo mingi, inapita mtu akiwa anafua. Hebu fikiri siku Mama atakapokaa pale chini, ulimenyee chungwa la kwanza, umtie mkononi. Nani mwingine atafanya hivyo? Mama hakuzaa binti. Alikungoja wewe.

Nitakuchagulia mche mwenyewe. Nitapita mistari yote, nitachukua ulio bora kuliko yote kitaluni, na sitamwachia mtu mwingine kazi hiyo.

Dada yako mwambie asubiri kidogo.

Baba yako


20 Machi

Mwanangu,

Hamjambo? Mimi sijambo. Naandika haraka, dereva amewasha gari.

Mche ndio huu. Uweke kivulini siku mbili kabla ya kuupanda, umechoka na safari. Jicho lina siku kumi na tano, kwa hiyo mkanda ukae siku nyingine kumi, kisha uukate kwa wembe upande wa nyuma, usiguse jicho. Likiwa la kijani, limeshika. Kitakachochipua chini ya jicho ni mlimau, kitoe kwa kidole kingali kichanga, usikionee huruma hata kikipendeza. Samadi iliyooza debe moja, ichanganye na udongo wa juu.

Nimepita mistari yote kama nilivyoahidi. Huu ndio uliokuwa bora.

Mwambie Mama aushike majani.

Baba yako


9 Aprili

Baba,

Shikamoo. Mama ni mzima. Mimi ni mzima wa mwili.

Mche ulifika tarehe ishirini na tatu, majani hayakudhurika. Mama aliyashika moja moja, akavunja pembe ya jani, akanusa, akatabasamu siku nzima. Niliuweka kivulini. Sikuupanda siku hiyo wala ya pili, nilikuwa bado nabishana na wewe moyoni. Siku ya kumi ilipofika nikachukua wembe, nikakaa kibarazani, kiriba katikati ya magoti.

Nilitafuta ncha ya mkanda kule juu. Kila fundi uliyemfundisha anaanzia chini, anazungusha akipanda, anafungia juu, ili mvua iteremke nje kama kwenye bati. Ncha haikuwa juu. Ilikuwa chini kabisa, imepenyezwa upande wa kushoto, na mkia wake umekunjwa mara mbili.

Baba, unakumbuka kazi yangu ilikuwa nini pale kwenye kitalu chako cha nyumbani? Mlikuwa mnafunga ninyi, na mimi baada ya wiki tatu nafungua. Miaka mitano nilifungua mikanda ya mwanao, mamia kila msimu. Ulikuwa unamfokea kila siku: Mashoto, unafunga kinyume, unaanzia juu, maji yataingia, jicho litaoza. Naye anacheka, na majicho yake yanashika kuliko ya wote. Mikono yangu ilimjua kabla ya kichwa changu. Ilikwenda yenyewe chini kushoto, ikaufunua ule mkia, na nilipokuja kutambua nimefanya nini, mkanda wote ulikuwa mapajani mwangu.

Uliandika kwa mkono wako kwamba jicho lina siku kumi na tano. Maiti habebeshi michungwa. Mtu aliyepotea duniani hafungi mkanda kwenye mstari ambao wewe unaukagua kila asubuhi.

Mama aliniuliza kwa nini nimenyamaza. Nilimwambia wembe umenikata.

Jicho ni la kijani. Limeshika.

Nangoja barua yako.

Mkweo


7 Mei

Baba,

Shikamoo. Mama ni mzima, anauliza kwa nini safari hii umekaa kimya. Nimemwambia ni barabara.

Leo ni wiki nne. Gari la barua limefika mara tatu, nimelipokea mwenyewe mara zote tatu. Sikuombi unifariji. Nakuomba uandike ulichokijua na tangu lini.

Mkweo


15 Mei

Mwanangu,

Sijui nianzie wapi salamu. Natumaini mna afya. Yangu siyo ya kuzungumzia.

Ni kweli. Yuko hapa. Amekuwa hapa miaka miwili na miezi mitatu.

Alikuja wakati wa mvua, na mfuko mmoja begani, na mwanamke, na mtoto wa kike ambaye alikuwa hajatembea. Nilikuwa nasimamia upakiaji wa miche. Aliniamkia kama mtu aliyetoka dukani. Nilimpiga kofi mbele ya watu, mtu mzima yule. Nikamwambia aandike nyumbani leo hii, akuambie mwenyewe. Akasema ataandika mwezi ujao, atakapotulia. Nikampa mwezi huo. Ulipokwisha akaomba mwingine, nikampa. Hakuna ubaya uliomtoa kwako, usijitafute kosa. Alikosa kazi kila alikokwenda, akaona aibu kuandika, mwanamke akampokea nyumbani kwake, na aibu ikawa mbili. Ndivyo anavyosema. Mimi simtetei.

Mpaka hapo kosa lilikuwa lake. Sasa nakuambia langu. Mwaka huo huo macho ya Mama yakafa, kisha miguu. Ukaniandikia jinsi unavyomwogesha, jinsi unavyomkalisha dirishani, jinsi mlivyocheka alipotia chumvi kwenye chai. Nikawaza: huyu binti akijua, ataondoka, na atakuwa na haki. Nani atamgusa mke wangu kama anavyoguswa sasa? Mimi nikirudi, kazi imekwisha, na mikono hii inajua miti tu. Nikaamua usijue. Nilipoona umeandika juu ya mjakaranda, nilielewa mara moja unataka kufanya nini. Ndiyo maana nilikuandikia machungwa. Kila neno juu ya mchungwa lilikuwa kweli, mwanangu, hata la hatua zako. Lakini nililiandika ili ukae.

Mche niliuchagua kama nilivyoahidi, kwa macho yangu haya. Nilitaka upate ulio bora. Sikuutazama mkanda. Siku zote nimezoea kwamba iliyo bora ni ya kwake, hata sikufikiri.

Tumemtenda vibaya mtoto wa watu. Nimeliandika hilo mara nyingi kwenye karatasi nyingine nikazichana.

Nakuomba kitu kimoja, na sistahili kuomba. Usimsomee Mama barua hii. Mwambie nimeandika juu ya mbolea.

Baba yako


2 Juni

Baba,

Shikamoo. Mimi ni mzima. Mama ni mzima.

Nimemsomea. Nimemsomea yote, pamoja na pale uliposema nisimsomee. Tangu alipopofuka sijawahi kumruka neno, na sikuona kwa nini nianze na hili.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akaniambia nirudie pale pa mtoto, kwamba alikuwa hajatembea. Akauliza sasa atakuwa na umri gani, nikamwambia mitatu na zaidi. Akaomba maji ya kunawa uso. Kisha akasema, "Lete karatasi, umwandikie dada yako, umwambie unakwenda." Nikamwambia siwezi kumwacha hivi. Akanijibu, kwa ile sauti yake ya kufukuza kuku, "Kwani mimi nilizaliwa na wewe ubavuni? Nina mume. Arudi anitazame."

Nililia, Baba. Sikumlilia Mashoto hata kidogo, nikashangaa. Nililia kwa sababu ungeniambia ukweli miaka miwili iliyopita, pengine ningebaki. Ningelia mwezi mmoja, ningekutukana moyoni, kisha ningeendelea kumwogesha, maana nampenda. Hukunipa nafasi ya kukaa kwa hiari yangu. Ulinifanya nikae kwa kungoja mtu aliyekuwa anakula meza moja na wewe. Hilo ndilo linaloniuma, na sidhani litapona haraka.

Dada amejibu. Nitaondoka tarehe thelathini mwezi huu, gari la asubuhi. Uwepo, usiwepo, nitaondoka. Fundi cherehani amekubali kukaa na Mama siku hiyo mpaka jioni, zaidi ya hapo ana nyumba yake.

Nataka pia Mashoto aniandikie mwenyewe kwamba ameniacha. Usimwandikie wewe. Nataka mwandiko wake.

Sasa haya ya Mama, uyashike. Asubuhi usimwamshe kwa jina, mguse bega la kulia, la kushoto linauma. Chai yake ipoe kwanza, anajifanya anapenda ya moto. Dawa ya macho ni matone mawili asubuhi na mawili jioni, haileti nuru lakini inazuia yasiwashe. Ukimtembeza usimshike mkono wewe, mwache akushike yeye. Nywele zake zichanwe kila siku hata kama hakuna mgeni. Akikuuliza kuna mawingu au hakuna, tazama kwanza ndipo umjibu, anajua ukisema ovyo. Akinyamaza sana, mpe mbaazi achambue, siyo kwamba tunazihitaji.

Shimoni nimepanda mjakaranda. Mche wako nimempa fundi cherehani, uko uani kwake, hauna kosa lolote. Barua zako zote ziko kwenye kopo la biskuti juu ya kabati.

Mkweo


4 Julai

Mwanangu,

Natumaini ulifika salama na dada yako hajambo. Anwani nimepewa na fundi cherehani, baada ya kunihoji kama hakimu.

Nilichelewa kwa siku moja. Gari liliharibika njiani tukalala humo. Nilifika tarehe mosi mchana nikamkuta fundi ameleta cherehani yake kibarazani, anashona huku anamtazama Mama. Alikuwa ameacha nyumba yake usiku huo kwa sababu yangu. Nilimshukuru, akaendelea kushona.

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi ya Mashoto. Sikuisoma, ila nilisimama mbele yake mpaka akamaliza, na niliona ni mistari michache. Aliniuliza aandike nini. Nilimwambia sijui, mimi si wa kuulizwa namna ya kukuandikia wewe. Kazi nimeacha. Msimamizi wa kitalu aliniambia nitajuta. Nikamwambia naanza leo.

Mama nimemshika bega la kulia. Alijua ni mimi kabla sijasema, akasema ninanuka gari. Hakuniuliza habari za safari. Chai nilimpa ya moto, nilisahau, akaungua mdomo, hakulalamika, na hilo ndilo lililonitisha. Nywele nimemchana mara tatu, vibaya, anavumilia. Mjakaranda wako una majani mapya sita, naumwagilia.

Siku ya pili, baada ya kumaliza kunywa chai, aliniambia nilete kopo la biskuti. Akaniambia nimsomee barua zangu, tangu ile ya kwanza baada ya mvua ile ya siku aliyokuja Mashoto. Nilisema umeshamsomea zote. Akasema, "Yeye alinisomea alichokuwa hajui. Wewe nisomee unachojua."

Basi ndiyo kazi yangu sasa. Tunakaa dirishani, jua likituchoma, nasoma. Yeye anachambua mbaazi. Nikifika mahali ambapo nilikuwa najua, anainua kidole, nami natakiwa nisimame nimwambie kweli ilikuwa nini siku hiyo. Mahali pengine ananiuliza mtoto alikuwa amevaa nini. Mahali pengine ananiuliza wewe ulikuwa umeandika nini kabla ya hapo, namwambia. Barua ni nyingi. Sikujua kama niliandika nyingi hivyo.

Leo tulifika ile ya tarehe mbili Machi. Nilisoma, "Habari za Mashoto sina." Akainua kidole. Nikamwambia siku ile Mashoto alikuwa amekaa mbele yangu mezani, ananinolea kisu cha kubebeshea, na aliniuliza naandika kwa nani. Mama akasema, "Rudia huo mstari." Nikaurudia. Akasema nirudie tena. Nimeurudia mara nne, kisha nikaiweka karatasi chini, naye akaniambia nipumzike, kesho tutaanzia hapo hapo.

Hajaniambia nikuombe msamaha wala nikuombe urudi, na mimi sithubutu. Sahihi ile ya zamani sina haki nayo tena.

Ni mimi,
mume wa Mama